Darubini ya bunduki ya mjomba, na mamba wa mwaloni: kabla hujauliza zoom, uliza jicho ni la nani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi.

Juzi kuna mdau alileta uzi anauliza achukue scope gani kwa ajili ya bunduki ya baba yake, ana kibali na kila kitu. Nikasoma majibu. Dah. Kila mtu "chukua yenye zoom kubwa mkuu", "zoom ndo kila kitu". Nikataka nijibu pale pale, nikaona jibu langu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe. Nimeamua nifungue wa kwangu.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Sina sababu ya kuwaongopea, silaha siuzi na darubini siuzi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mwanza. Wa umri wangu mnakumbuka. Ile ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshika kasi, maduka ya mjini ambayo tulizoea kuona yana sabuni na viberiti tu yakaanza kujaa vitu. Radio, saa za kila rangi, baiskeli za gia, mitumba imejaa hadi kule Mirongo watu wanapita kwa ubavu. Ulikuwa unaweza kushinda mjini unaangalia vioo vya maduka tu, unarudi nyumbani kichwa kimejaa.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nakaa kwa dada Mkolani, nasubiri maisha yaanze. Na nilikuwa sina subira hata kidogo. Kila jioni naandika diary, na kila ukurasa unaanza na "leo tena hakuna kilichotokea".

Siku moja kikatokea.

Mjomba Masanja, kaka yake mama, akaja kutoka kijijini kwetu. Kijiji kipo kando ya ziwa, njia ya kwenda Magu, mabasi yake unapandia Buzuruga. Mjomba alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu, mrefu, mkimya, na ndiye pekee pale kijijini aliyekuwa na rifle yenye kibali.

Hakuja kusalimia. Mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapoegeshwa na akina mama wanapochota maji, kulikuwa na mamba. Alianza na mbwa, kisha ndama. Halafu akamkamata mtu.

Mtu mwenyewe ni Mama Ng'washi, jirani yetu, mama mmoja mcheshi sana, kicheko chake ulikuwa unakisikia kabla hujamwona. Alikuwa anasuuza sufuria. Mamba alimdaka paja akawa anamvuta. Yule mama badala ya kuvuta mguu akamrudia mamba, akaingiza mkono kwenye pua yake, akashika. Akashika hivyo hadi wavuvi wakafika na makasia.

Akapona. Mguu ukabaki mbovu, anatembea na fimbo. Lakini alisema kitu kimoja ambacho kila mtu alikikariri: "Pua yake ina pengo. Upande wa kushoto, nyama haipo. Vidole vyangu viliingia humo." Wavuvi wakasema basi huyo alishawahi kukatwa na panga boi la injini.

Bwana Nyama wa wilaya, yaani ofisa wanyamapori, akatoa kibali. Mamba mmoja. Si wawili. Akasisitiza, auawe huyo aliyemjeruhi mtu, mkiua mwingine kibali kimeisha, na mtaendelea kuishi na mwenyewe.

Sasa mle kwenye ile ghuba mamba walikuwepo zaidi ya mmoja. Na macho ya mjomba yalikuwa yameanza kuchoka. Alituambia wazi, bila aibu: "Nikiangalia kwa vile vyuma vya kulengea, naona vyuma, mamba simuoni. Nikimuona mamba, vyuma vinapotea. Na pengo la pua ndiyo kabisa."

Wakati huo akina mama wanaendelea kuchota maji pale pale. Kisima hakuna. Wanachota kwa kopo lililofungwa kwenye ufito mrefu, mmoja anachota wengine wanapiga kelele na kurusha mawe. Kila siku wakuu. Kila siku mnajiuliza leo atakuwa nani.

Kijiji kikachangishana, kila kaya ikatoa ilichonacho, wengine mpunga, wengine samaki wakavu. Mjomba akatumwa mjini akanunue darubini ya bunduki. Na akaambiwa anipitie mimi, eti kwa sababu nimesoma Physics.

Physics yenyewe lenzi nilizichora tu ubaoni. Lenzi ya kweli mkononi sikuwahi kushika.

Nikajikausha. "Twende mjomba."

Duka lilikuwa la Mzee Jivan, Mhindi mmoja mfupi aliyeuza nyavu na spea za injini za mitumbwi miaka yote, na sasa ruksa imekuja akawa anaagiza chochote mtu anachotaka. Alikuwa na leseni ya vitu vya uwindaji. Akatuwekea darubini tatu juu ya kaunta, kila moja kwenye box lake.

Ya kwanza ndogo, nyembamba, haina zoom, inavuta mara nne basi.

Ya pili ya wastani, zoom kutoka tatu hadi tisa, na mbele kwenye mdomo ina pete inayozunguka yenye namba.

Ya tatu wakuu, ya tatu ilikuwa dude. Ndefu kama mkono wangu, mdomo wake kama bakuli.

Hata sikufikiri. "Mjomba hii hapa."

Mzee Jivan akacheka. "Kijana, mjomba wako anapiga mamba au anapiga picha ya mwezi?"

Mjomba akasema, "Mwache aangalie."

Nikatoka nayo mlangoni, nikaielekeza ziwani, kwenye yale mawe.

Sijui niwaelezeje. Mimi yale mawe nimeyaona tangu nazaliwa. Lakini siku ile niliona mnandi, yule ndege mweusi mla samaki, amekaa juu ya jiwe amefungua mabawa anajianika, na niliona jicho lake. Jicho wakuu, la kijani, linameremeta. Niliona tone la maji kwenye ncha ya mdomo wake. Na yeye hajui kama mimi nipo, yupo kule na mambo yake. Nikashusha ile kitu, nikaangalia kwa macho matupu, nikaona jiwe na kidoti cheusi. Nikapandisha tena, jicho.

Nilisikia kama nimeingia chumba cha mtu bila hodi.

Lakini nikaona kingine pia. Ilikuwa inatikisika vibaya, pumzi yangu tu mnandi anaruka huku na huku. Na ili nione picha nzima ilibidi nibandike jicho karibu kabisa na kioo.

Mjomba akaichukua, akaiweka jichoni, akaitoa hapo hapo. "Hii ikipiga, itaingia kwenye nyusi." Akanionyesha kovu lake la duara juu ya jicho. Kumbe bunduki yake ilishawahi kuwa na darubini zamani, ikavunjika, lakini iliacha sahihi kwanza. Vikalio vya kuifungia bado vilikuwepo juu ya mtutu.

Kwa hiyo vijana mnaoshauri zoom zoom zoom, hilo la kwanza. Umbali wa jicho kutoka kwenye kioo. Bunduki kubwa inarudi nyuma na kioo kinarudi nayo. Ukinunua inayotaka jicho karibu, jiandae kushonwa.

Ndogo ile ya mara nne ilikuwa nzuri, imetulia, lakini nikajaribu kusoma kibao cha duka la mbali nikashindwa. Pengo la pua tungelionaje?

Tukabaki na ya katikati. Na ile pete ya mbele.

Nikamuuliza Mzee Jivan pete ya kazi gani. Akainua mabega. "Mimi nauza bwana, sijawahi kuuliza."

Tukailaza juu ya magunia ya nyavu, tukailenga kwenye herufi moja ya kibao cha ng'ambo ya barabara. Nikachungulia bila kuigusa. Ule msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo upo katikati ya herufi. Nikasogeza kichwa kidogo kushoto.

Msalaba ukahama.

Darubini haijaguswa! Imelala kwenye gunia! Ila msalaba umetoka kwenye herufi umeenda pembeni. Nikarudisha kichwa, umerudi. Nikamwita mjomba, naye akaona hivyo hivyo. Mzee Jivan akatoka nyuma ya kaunta na shati lake limetoka nje, akachungulia, akasema neno la Kigujarati ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Ndipo nikazungusha ile pete ya mbele polepole. Picha ikawa ukungu, ikawa safi, na pale ilipofika sehemu fulani nikasogeza kichwa, msalaba haukuhama. Umeganda kwenye herufi kama umechorwa kwa rangi.

Hiyo ndiyo parallax wakuu. Jaribu hapo ulipo. Nyoosha kidole gumba mbele yako, fumba jicho moja, kilenge kwenye kitu cha mbali, kisha sogeza kichwa. Kidole kinahama, si ndiyo? Kwa sababu kidole kipo karibu na kitu kipo mbali. Ndani ya darubini msalaba ndio kidole. Pete ya mbele inaileta picha ya kitu hadi pale pale ulipo msalaba, vinakuwa pamoja, hapo hata kichwa kikitikisika hupotezi.

Na ubongo wa mamba ni mdogo, haufiki hata ngumi ya mtoto, upo nyuma ya jicho. Ukikosa kidogo umemjeruhi, na mamba aliyejeruhiwa anarudi majini na hasira zake.

Mjomba akasema, "Tunachukua hii." Mimi nilikuwa bado nashangaa kidole changu gumba.

Tukaenda kijijini. Mjomba akaifunga kwenye bunduki, akaenda nayo korongoni akalenga box lililochorwa duara, akarekebisha, akapiga tena hadi akaridhika. Risasi zote zikaingia sehemu moja. Nikajua kesho tunamaliza kazi.

Nilisahau jambo moja. Kile kitu hakikuwa cha mjomba. Kilikuwa cha kijiji.

Kwetu, kitu kikinunuliwa kwa michango, wazee wanakuja kukiona kabla hakijatumika. Si suala la kukataa. Na wakija, anaanza mkubwa. Jioni ile uwanja wa mjomba ulijaa. Mjomba akatoa bolt, ile komeo ya chuma, akatoa risasi, akailaza bunduki juu ya kinu kilicholazwa, ikaelekea mlimani kwenye ng'ombe. Wataalamu wa usalama msinishukie, ilikuwa tupu kabisa, bolt ipo mfukoni kwa mjomba.

Wa kwanza Mzee Luhende, mkuu wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, mzee wa sauti nzito. Akainama, akachungulia.

"Masanja, mmeuziwa ukungu."

"Zungusha hiyo pete ya nyuma mzee, karibu na jicho lako," mjomba akasema.

Akazungusha. Halafu akashika magoti. "Lo! Yule ng'ombe wangu ana kupe sikioni! Na yule kijana amelala! Ng'wanawane, mwanangu, unachunga au unalala?" Akapiga kelele kama vile kijana wa mlimani atamsikia.

Watu wakacheka hadi wakakaa chini.

Baada yake mzee mwingine, naye ukungu, naye akazungusha. Halafu bibi mmoja aliyesema anaona vizuri kuliko wote, akazungusha kuliko wote. Halafu mwalimu, halafu wavuvi. Kila mmoja anainama, anazungusha, anapiga yowe. Mmoja aliona nyumba ya mkwewe akakataa kutoka. "Toka wewe, mchango wako hautoshi kutazama paa zima!" Nilikuwa nimesimama pale naangalia nyuso zao zinavyobadilika, kila mmoja akiinuka anaangalia mlima tena kwa macho yake, kama haamini ni ule ule. Sijawahi kuona wazee wakiwa hivyo.

Na mimi msomi wa Physics sikushtuka kabisa.

Asubuhi tukajificha kwenye mawe juu ya mwalo, mjomba, Mzee Luhende na mimi. Jua lilipopanda, mamba akatoka kuota jua kwenye kichanga, mbali nasi kama goli hadi goli. Alitoka kama maji yanafunguka yenyewe. Hakuna sauti.

Mjomba akaweka jicho. Akakaa. Akatoa jicho, akafuta kioo kwa shati.

"Ukungu."

Mimi, haraka zangu, nikanyoosha mkono nikazungusha pete ya mbele. "Sasa?"

"Bado… bado… hapo. Namwona. Anaonekana vizuri."

"Piga basi!" Mzee Luhende akanong'ona.

Mjomba hakupiga. "Mamba namwona, msalaba ndio siuoni. Mnene, kama manyoya. Na nikihema unatembea mwili mzima wa mamba, kutoka kichwani hadi tumboni."

"Masanja, piga!"

"Siwezi kupiga kitu kinachotembea wakati mamba amelala."

Mamba akageuka, akaingia majini vile vile alivyotoka. Pua hatukuiona.

Mzee Luhende aliinuka akajipangusa. "Tumenunua chupa," akasema, akaondoka. Hadi mchana kijiji kizima kilikuwa kinaiita ile darubini chupa. Akina mama wakashuka na makopo yao na mawe yao kama kawaida, na mjomba aliwaangalia wakishuka hadi wakapotea. Chakula hakula.

Nikachukua bunduki nikakaa nayo nje, nikaanza upya kama pale dukani. Nikaielekeza juu, kwenye wingu jeupe, hakuna cha kuangalia isipokuwa msalaba. Ukungu. Nikazungusha pete ya nyuma hadi msalaba ukawa mweusi, mwembamba, mkali kama uzi. Nikampa mjomba.

"Mnene," akasema.

Nikaangalia mimi. Mwembamba.

Akaangalia yeye. Mnene.

Wakuu, nilisimama. Kitu kilinipiga kichwani hadi nikacheka peke yangu. Pete ya nyuma haina habari na mamba. Haina habari na umbali. Pete ya nyuma ni ya jicho. Kazi yake ni msalaba tu, uonekane na jicho la huyu mtu anayechungulia. Na jana yake jicho la kila mtu kijijini lilikuwa limepita pale, kila mmoja akaacha lake. La mwisho sijui lilikuwa la nani, lakini mjomba aliamka akaangalia dunia kwa jicho la mtu mwingine.

Halafu mimi nikazungusha ya mbele ili kufidia. Ndiyo, picha ikawa safi, lakini sasa picha ipo kwake na msalaba upo kwake. Havikuwa pamoja tena. Ndio maana ulitembea.

Kwa hiyo sikilizeni mpangilio, hasa yule mdau wa juzi. Unaanza nyuma. Elekeza kwenye anga tupu, usielekeze kwenye jua hata kwa utani. Chungulia kidogo tu, kisha ondoa jicho, kwa sababu ukikodoa muda mrefu jicho lenyewe linajilazimisha na kukudanganya kwamba ni safi. Zungusha, chungulia, ondoa. Msalaba ukiwa mkali kwa kutupa jicho mara moja, umemaliza, usiiguse tena. Ndipo uende ya mbele, uirekebishe kwa umbali wa unachokilenga hadi ukisogeza kichwa msalaba usihame. Zile namba zilizoandikwa zisikupe kiburi, zetu zilikuwa za yadi na hazikusema kweli sana. Amini kichwa chako kinaposogea.

Mjomba akafanya hivyo, msalaba ukamkalia. Nikachukua rangi ya kucha ya binamu yangu nikaweka doti nyekundu kwenye pete ya nyuma, upande wa juu. Jicho la mjomba.

Akachungulia tena mlimani kwa muda mrefu. Akasema, "Nilidhani yameisha." Alikuwa anaongelea macho yake.

Siku iliyofuata wakatoka mamba wawili. Mmoja akaja mapema, mkubwa, akalala ubavu wa kushoto umetuelekea. Mjomba akachungulia, kila kitu kipo mahali pake.

"Sioni pengo. Kuna kivuli, kuna tope. Sina uhakika."

Mzee Luhende alikuwa amerudi, maana hata mtu anayekudharau anataka kuona. "Mamba ni mamba, Masanja. Leo unaye."

"Kibali ni kimoja mzee."

"Na mama zetu je?"

Mjomba akanigeukia. "Nenda kamlete Mama Ng'washi."

Tangu siku ile yule mama hakuwahi kuja hata pale ambapo ziwa linaonekana. Nyumba yake aligeuzia mlango upande wa pili. Nilipomwambia, akachukua fimbo yake. Karibu na mawe akafumba macho, akanishika bega, nikamwongoza kama kipofu.

Mjomba akatoa risasi, akatoa bolt, akampisha. "Angalia tu, shemeji. Hapa juu hakufikii."

Akainama, akafumbua jicho. "Sioni. Naona weupe tu kama maziwa."

Nikazungusha pete ya nyuma. Doti ya mjomba ikaenda zake. Nikaizungusha hadi akanizuia mkono.

Alikuwa ameona. Vidole vyake vilishika jiwe.

"Mmh-mm," akasema mwishowe. "Si huyu. Huyu pua yake nzima."

Mzee Luhende akafungua mdomo, Mama Ng'washi akamkata bila kutoa jicho: "Baba Luhende, wewe alikukamata? Nyamaza basi."

Akanyamaza. Mkuu wa sungusungu!

Tukangoja. Jua likatuchoma. Yule mama hakutoa jicho pale, mguu mbovu ameunyoosha pembeni. Mamba wa pili akatoka, mfupi kuliko yule, mnene shingo, akapanda kwenye mchanga taratibu.

Nilimwona tu machozi yanashuka kwenye lile shavu lililolalia kitako cha bunduki.

"Ndiye," akasema. "Vidole vyangu viliingia pale. Mnaona pale? Pale."

Akasogea. Mjomba akarudisha bolt, akaingiza risasi, na safari hii mimi sikunyoosha mkono. Nilimwambia tu, "Doti, mjomba." Akairudisha doti juu mwenyewe. Akagusa ya mbele kidogo. Nikamwona anasogeza kichwa kushoto, kulia, kushoto. Msalaba ulikuwa umetulia, kwa sababu naye alitulia.

Akapiga.

Mamba hakuruka. Alishusha tu kichwa, kama mtu aliyesinzia. Yule mwingine akapotea majini, na ndege wote wa ile ghuba wakainuka kwa pamoja.

Wavuvi walikwenda kumvuta. Pengo lilikuwepo, upande wa kushoto, linaingia vidole viwili vitatu. Vigelegele mnavijua wenyewe, siwezi kuviandika. Lakini Mama Ng'washi hakushuka kumwangalia.

Alibaki juu kwenye mawe. Mjomba alikuwa ameshaifungua ile darubini kutoka kwenye bunduki ili aisafishe, yule mama akamwomba. Akaishika kwa mikono yake, akaielekeza ng'ambo ya ghuba, mbali kabisa, ambako sisi tunaona mstari wa kijani tu. Mimi kwa mazoea nikanyoosha mkono nimsaidie ile pete.

Akanipiga kofi mkononi. Akaizungusha mwenyewe.

Alikaa vile muda mrefu. Halafu akacheka, kile kicheko chake, cha kwanza tangu siku ile.

"Kumbe kule nako kuna wanawake wanafua," akasema. "Mmoja kavaa kanga nyekundu. Wameingia hadi magotini, wala hawaogopi."

Akaniachia darubini, akachukua fimbo, akashuka mwaloni walipo wenzake.

Basi wakuu, somo langu ni hilo. Scope si zoom. Scope ni jicho la mtu mmoja kwanza, halafu umbali, halafu ndio hayo mengine. Mkitumia wawili, kila mmoja na doti yake. Na kitu cha kijiji waache wazee wachungulie, ni haki yao, ila asubuhi anza upya kutoka nyuma.

Wataalamu, nilipokosea nirekebisheni, nimesimulia kama tulivyogundua wenyewe. Na wewe unayesoma, hebu niambie: siku ya kwanza kuweka jicho kwenye darubini, uliona nini? Nipo nasoma zote.